RAM ya 1600 ndani ya mashine ya 1333: mambo tuliyoyaona studio

Tangu tubadilishe RAM ya kompyuta ya studio, watu wa hapa Kalemie hawaniulizi tena habari za bei ya mafuta wala za bwato la Kigoma. Wananiuliza: je, ni kweli mulitia bareti ya 1600 katika mashine inayokubali 1333, na mashine haikuungua? Wengine wananipigia simu usiku. Mama mmoja wa kilabu ya wasikilizaji alinisimamisha sokoni, akanishika mkono: "Papa jurnaliste, feza yetu iko salama?" Swali lake ni la haki, maana feza ilikuwa yao. Ndiyo sababu naandika hapa, nieleze mara moja, kwa wote.

Mashine yenyewe ni kompyuta ya mezani iliyotoka Ulaya ikiwa imekwisha tumika, ikapitia mikono mingi kabla ya kufika ziwani. Prosesa yake ni Core i3-2100, ya mwaka 2011, na ubao mama wake, ambao mafundi wetu wanauita karte-mere, ni wa aina ya H61. Ilikuja na RAM ya giga 4, yaani bareti mbili za giga mbili-mbili. Miaka ilivyopita ilitosha. Leo haitoshi tena. Asubuhi ninafungua Audacity ya kukata sauti, nafungua kivinjari ili nipokee kwa WhatsApp Web sauti za waandishi wenzetu wa Moba na Nyunzu, nafungua na karatasi ya habari ninayoandika. Hapo giga 4 zimeisha. RAM ikijaa, mashine inaanza kuweka kazi kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni nzito sana kuliko RAM. Unabonyeza, unangoja, taa nyekundu ya diski haizimiki, na jurnali ya saa saba inakaribia. Mara mbili ilikwama katikati ya kukata mazungumzo na wavuvi ambao nyumba zao zimeingiliwa na maji ya ziwa. Watu wale wamekuja kwa mguu kutoka mbali. Huwezi kuwaambia warudi waseme tena jinsi walivyopoteza kitanda.

Basi kilabu ya wasikilizaji ikachanga. Faranga mia tano hapa, elfu moja pale, mwengine alileta samaki tukauza. Ilifika dola 90. Kwa mtu wa mji mkubwa ni kidogo. Kwa watu waliochanga ni mihogo ya wiki nyingi.

Ndipo yakaanza maneno. Muuzaji wa kwanza alitazama ndani ya mashine, akatikisa kichwa. Alisema bareti za giga 4 za 1333 ni adimu, anazo mbili, kila moja dola 20. Tukamuuliza juu ya zile za 1600 zilizokuwa zimelala kwenye kioo chake kwa bei ya chini. Akasema: "Mukubwa, usizitie. Karte-mere yako mwisho wake ni 1333. Ukiweka 1600 utaichoma. Afazali munizidishie feza niwape mashine mpya." Mashine mpya ilikuwa dola 280.

Muuzaji wa pili, mtaa ule ule, alisema kinyume kabisa. Kwake 1600 ni dawa ya kila ugonjwa. Utatia, mashine itaruka kama ndege.

Nimefanya kazi ya redio miaka kumi na zaidi, na nimejifunza kwamba watu wawili wakikuambia mambo yanayopingana kwa sauti kubwa, mara nyingi wote wawili wana kitu cha kuuza. Nikaenda kwa fundi tunayemuita Papa Fundi, mzee ambaye alianza na redio za lampi na sasa anatengeneza simu. Yeye hauzi bareti. Alicheka kwanza. Halafu akachukua bareti moja ya zamani, akanionyesha chipu ndogo sana iliyo pembeni, si zile kubwa nyeusi za kuweka kumbukumbu, bali moja ndogo yenye miguu minane. "Unaona huyu? Huyu ndiye karte d'electeur ya bareti."

Kwetu Kongo kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho. Ukifika kartie mpya unamwonyesha chefu, anajua jina lako, unatoka wapi, ulizaliwa lini. Chipu ile, inayoitwa SPD, inafanya hivyo hivyo. Ndani yake kiwanda kimeandika orodha: bareti hii ni giga ngapi, inakubali mwendo gani na gani, na kwa kila mwendo inahitaji kungoja kiasi gani. Mashine inapowashwa, kabla hata ya picha kutoka kwenye skrini, BIOS inasoma orodha ile. Inaangalia upande wa prosesa, maana kwa mashine za namna hii msimamizi wa RAM yuko ndani ya prosesa yenyewe. Halafu inachagua mwendo mkubwa ambao pande zote mbili zinaukubali. Bareti ya 1600 haina mwendo mmoja. Katika orodha yake kuna 1600, kuna 1333, mara nyingi kuna na 1066. Ikikutana na prosesa inayosema "mimi mwisho 1333", inashuka hadi 1333, inafanya kazi. Hakuna vita, hakuna moshi.

Kwa hiyo yule wa kwanza alitutisha bure. Pikipiki ambayo saa yake imeandikwa 160 haiharibu njia ya mashimo kwa sababu ya maandishi yale. Inakwenda kwa mwendo wa njia.

Lakini na yule wa pili hakusema ukweli. Ikiwa bareti inashuka hadi 1333, basi umenunua 1600 na unatumia 1333. Hakuna kuruka. Na hata kama ingekwenda 1600 kamili, hesabu si kubwa vile watu wanavyofikiri. Namba 1333 ni safari milioni 1333 kwa sekunde moja, na kila safari inabeba baiti 8. Ndiyo sababu juu ya karatasi ya bareti utaona PC3-10600, yaani kama megabaiti 10600 kwa sekunde. Ya 1600 imeandikwa PC3-12800. Ni sehemu ya tano ya ziada katika kubeba. Sasa angalia upande wa kungoja. Bareti ya kawaida ya 1333 inangoja mapigo 9 kabla ya kuanza kutoa ulichoomba, na kila pigo ni nanosekunde 1.5, hivyo jumla ni 13.5. Bareti ya kawaida ya 1600 inangoja mapigo 11, kila pigo 1.25. Zidisha: 13.75. Kungoja ni kule kule, hata kumezidi kidogo! Mwenye mzigo mkubwa atapata faida. Mimi mwenye kukata sauti ya mvuvi sitaiona.

Tuliponunua, tulinunua mbili za giga 4, za 1600, zilizotumika, dola 13 kila moja. Hatukuchagua 1600 kwa ajili ya mwendo. Tulichagua kwa sababu zilikuwa rahisi, na ni rahisi kwa sababu zilitengenezwa nyingi sana na mashine nyingi zinazovunjwa huko ng'ambo zinatoa hizo. Hilo ndilo jambo ambalo wauzaji wote wawili hawakulisema.

Papa Fundi alikuwa na mashariti yake. Alikuja nasi dukani na kioo cha kukuza. Alizikataa bareti nne kabla ya kukubali mbili. Ya kwanza ilikuwa DDR4. Alionyesha jinsi pengo la katikati haliko mahali pamoja na la DDR3, na meno yake ni 288 wakati ya DDR3 ni 240. Hiyo hata ukisukuma kwa nguvu haiingii, na ukizidi kusukuma ndiyo utavunja soketi kweli. Ya pili na ya tatu zilikuwa na bei ya kuchekesha, dola 7. Aligeuza, akasoma maandishi madogo: ni za AMD peke yake. Hizi zinaletwa kwa wingi, na mashine yenye prosesa ya Intel kama yetu haiziwezi kabisa. Unawasha, feni inazunguka, skrini inabaki nyeusi. Mtu anarudi nyumbani akisema "1600 imekataa", kumbe si habari ya 1600. Nafikiri nusu ya hadisi za kutisha tunazosikia hapa mjini zinatoka kwa bareti za namna hiyo. Ya nne ilikuwa nzuri ya kutazama, yenye vazi jekundu la chuma kama la gari la mashindano, na imeandikwa volti 1.65. DDR3 ya kawaida ni volti 1.5. Ile nyekundu inafikia mwendo wake mkubwa ukiipandishia umeme tu. "Hii ni ya vijana wa michezo," alisema, "siyo ya redio."

Moja ya zile tulizochukua ilikuwa na herufi L baada ya PC3. Maana yake ni kwamba inaweza kula volti 1.35. Mimi niliogopa, yeye hakuogopa: bareti za namna ile zinakubali 1.35 na 1.5 pia, na ubao wetu unatoa 1.5. Ziliingia zote mbili, tulisikia mlio mdogo wa zile klipu za pembeni, mashine ikawaka mara ya kwanza. Giga 8.

Kukawa na kituko kimoja. Kijana wetu wa teknike alifungua CPU-Z, programu ya bure inayoonyesha mambo ya ndani ya mashine, akaona mwendo wa RAM umeandikwa 665. Akapiga kelele kwamba tumeibiwa, si 1600 wala 1333, ni 665! Ilibidi Papa Fundi arudi kutoka nje na sigara yake. DDR inabeba mara mbili kwa kila pigo, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Pigo ni 665 na kitu, safari ni 1333. Ni sawa na mbeba mizigo wa bandarini anayepeleka gunia la mahindi kwenye bwato na kurudi na katoni ya sabuni. Ukihesabu kwenda kwake tu, utasema anafanya nusu ya kazi.

Hatukuishia hapo, na hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo feza ya watu inapolindwa. RAM mbaya haisemi. Diski ikianza kufa inalia, batri ikifa inavimba. RAM yenye chembe moja iliyoharibika inageuza sifuri kuwa moja mahali fulani, na wewe unasevu kazi yako ukifikiri ni nzima. Katika sauti utasikia labda mlio mdogo, tak, katikati ya neno. Au faili inakataa kufunguka kesho yake. Kwa mtu anayecheza michezo ni hasira ya dakika tano. Kwetu ni ushuhuda wa mtu. Kwa hiyo tulitia Memtest86+ kwenye kle ya USB, ni programu ya bure, tukaiwasha mashine kwa kle ile, tukaiacha ifanye kazi usiku kucha. Inaandika namba katika kila kona ya RAM, inazisoma tena, inalinganisha. Umeme wa Bendera ulikatika saa tano ya usiku kama kawaida yake, tukahamia kwenye batri za solari. Asubuhi ilikuwa imemaliza mizunguko mitano bila kosa hata moja. Tuliirudia saa nane ya mchana, chini ya bati, wakati studio inakuwa kama tanuru ya mkate. Tena bila kosa. Nasisitiza habari ya mchana. Mashine iliyopimwa kwenye baridi ya alfajiri haijapimwa.

Hilo tulijifunza kwa kijana mmoja mwenye sale ya michezo, ambaye amenikubalia nisimulie lakini nisimtaje. Yeye ana ubao mwengine, wa Z68, ambao tofauti na wetu unamruhusu mwenyewe kupandisha mwendo. Prosesa yake pia rasmi mwisho ni 1333. Alitia bareti za 1866, akaingia ndani ya BIOS, akawasha ile orodha ya ziada iitwayo XMP, na mashine ikakubali 1866. Alifurahi siku nzima. Kesho yake mchana skrini ya buluu. Usiku, nzuri. Mchana, buluu. Akashusha hadi 1600, na tangu hapo haijalala tena. Yaani 1600 inakwenda kwake, juu ya mwisho rasmi, kwa miezi sasa. Siku moja alipojaribu zaidi hadi mashine ikakataa kuwaka, alitoa ile betri ya duara kama sarafu, akangoja, akairudisha, na BIOS ikasahau yote aliyoiagiza. Hakuna kilichoungua.

Kwa hiyo "rasmi" maana yake nini? Kwa vile ninavyoelewa mimi, ni ahadi. Kiwanda kinasema: mpaka 1333 tumepima, kila prosesa iliyotoka kwetu itafika hapo, kwenye joto na kwenye baridi, na isipofika ni deni letu. Juu ya hapo huenda yako inaweza, ya jirani haiwezi, na hakuna wa kumlilia. Sisi Wakongo tunaelewa haraka kuliko wengine. Kifaransa ndicho lugha rasmi ya nchi yetu. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, na jurnali inayosikilizwa sana kwetu ni ya Kiswahili. Kitu kinaweza kufanya kazi kila siku bila kuwa rasmi. Lakini ukienda tribunali unatafuta karatasi rasmi.

Ndiyo maana nilipoulizwa na kamati kama tuutafute ubao kama wa kijana yule ili tupate 1600 kamili, nilisema hapana, na nitasema hapana tena. Faida ambayo sitaisikia katika sauti, nilipe kwa hatari ambayo itaisikia sauti? Mwenye sale ya michezo ana sababu yake: baadhi ya mashine zake hazina karte ya picha, picha inatumia RAM ile ile, na hapo mwendo wa RAM unaonekana kwa macho. Yeye achome mafuta yake. Redio ifuate njia yake.

Nini kimebadilika studio? Mradi wa sauti wa dakika 30 wenye njia sita unafunguka bila mimi kwenda kutafuta chai. Taa ya diski inapumua. Kivinjari na Audacity vinakaa pamoja bila kugombana. Lakini kugeuza kipindi kuwa MP3 kunachukua muda ule ule kama zamani, maana hiyo ni kazi ya prosesa, na prosesa hatukuigusa. Niliwaambia hivyo wana kilabu mbele ya kamati, wasije wakadhani tumeficha kitu. Kilichotusaidia ni giga, kutoka 4 hadi 8. Namba 1600 ilikuja tu na bei.

Wenye mashine za karibuni wananiuliza kama ni mamoja kwao. Kanuni ni ile ile ndani ya kizazi kimoja. Mashine yenye prosesa kama Core i5-6500 kwenye ubao wa H110 inatumia DDR4, na mwisho wake ni 2133. Bareti ya DDR4 ya 2666 au 3200 ukiitia itashuka hadi 2133. Ukichanganya bareti mbili za mwendo tofauti, zote zitafuata mwendo wa ile ya nyuma, kama msafara wa malori.

Papa Fundi, alipokuwa akifunga skrubu za mwisho, aliniambia jambo ambalo halihusu mwendo hata kidogo. Alinionyesha madoa yanayong'aa chini ya ubao, mahali miguu ya soketi imelehemiwa. Siku hizi ni bati kwa sehemu kubwa. Bati! Manono, ndani ya province yetu hii ya Tanganyika, wamechimba bati tangu wakati wa Wabelgiji. Hakuna anayejua kama hili ni la kule, yeye hakusema ni la kule. Alisema tu: "Labda limerudi nyumbani," akapuliza vumbi, akafunga.

Hesabu ni hii, na risiti ziko mikononi mwa mama mwekahazina wa kilabu, kila mtu anaweza kwenda kuziangalia siku ya Jumamosi. Bareti mbili, dola 26. Onduleri ya kutumika lakini nzima, dola 45, maana RAM nzuri haisaidii kitu umeme ukikatika katikati ya kusevu. Zimebaki dola 19. Papa Fundi alikataa malipo, akakubali samaki. Bareti mbili za zamani tulizipima pia kwa Memtest86+: moja ni nzima, tumeipeleka kwa shule ya hapa kartie ambayo ina mashine ya giga moja. Nyingine ilitoa makosa kabla hata ya kumaliza mzunguko wa kwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya mashine tulipokata sauti za wavuvi, na sasa ninasikiliza upya kila faili ya miezi ile, moja baada ya moja, jioni baada ya jurnali. Nimefika kwenye ya 41. Mbili zina mlio. Za wavuvi, mpaka sasa, ni nzima.